Tulisaini fidia ya bomba la mafuta, sasa mwanangu anaandamana kulipinga: bado tuna haki ya kusema?

"Shikamoo mzee. Naishi Muheza. Mwaka 2018 wathamini walipita shambani kwetu, wakahesabu michungwa na mihogo, wakatuambia bomba la mafuta kutoka Uganda litapita hapo. Fidia tulikuja kuipata mwaka 2022. Kaka yangu ndiye aliyesaini kwa niaba ya familia. Yeye anasema mambo yamekwisha, mafuta yatashuka bei hapa Tanga, na anayelisema bomba vibaya anatafuta tunyang'anywe hata hicho tulicholipwa. Mwanangu anasoma chuo Kampala. Majuzi nimemwona kwenye video ya simu amebeba bango mbele ya benki. Nilipompigia akasema fidia tuliyopokea ni bei ya kutunyamazisha. Mjomba wake kamwambia asikanyage kwake. Mimi niko katikati. Naogopa polisi kwa mwanangu, na hilo bomba lenyewe naliogopa: nasikia mafuta yanachemshwa humo ndani na siku moja litalipuka, na kisima chetu kiko hatua 200 tu. Watu wanasema waandamanaji hawa wanalipwa na Wazungu. Nani mkweli? Na kwa kuwa tulisaini, bado tuna haki ya kusema lolote?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ndani yake kuna hofu kadhaa zilizosukwa pamoja kama ukili: polisi na mwanao, bomba na kisima, saini na haki yenu ya kusema. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lililobeba mengine. Ndiyo, bado mna haki ya kusema. Na ili ulielewe jibu hilo vizuri, lazima tuangalie kaka yako alisaini nini hasa.

Katika nchi yetu ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ndivyo zinavyosema Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999. Mlichonacho nyinyi ni haki ya kuimiliki na kuitumia, na haki hiyo ina thamani ya fedha. Serikali ikiitaka ardhi kwa manufaa ya umma, inaitwaa kwa sheria ya mwaka 1967, na mnachokidai ni fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Sasa angalia vizuri: hakuna mahali popote katika mlolongo huo ambapo kaka yako aliulizwa kama analitaka bomba. Aliulizwa kama hesabu ya michungwa iko sahihi. Hayo ni maswali mawili yaliyo mbali kabisa, na karibu ugomvi wote wa nyumba yenu umetokana na kuyachanganya.

Kama mwanao anadhani mjomba wake angekataa kusaini na bomba likasimama, mweleze yaliyotokea huko huko Uganda anakosoma. Mwaka 2023 Serikali ya Uganda iliwapeleka Mahakama Kuu ya Hoima watu 42 wa eneo la Tilenga, kwenye visima vitakavyolisha bomba hili, ambao hawakuwa wamepokea fidia. Baadhi yao walikuwa wanasema wazi kwamba kiasi kilichotolewa ni kidogo mno. Desemba mwaka huo huo mahakama iliruhusu fedha zao ziwekwe mahakamani na wao waondolewe kwenye ardhi. Kwa hiyo kukataa fedha hakukuuzuia mradi, na aliyekataa alijikuta hana shamba na fedha zake ziko mikononi mwa mahakama. Mjomba hakuuza ukimya wa mtu. Alichukua kilichokuwa haki yake katika jambo ambalo hakupewa nafasi ya kulikataa.

Lakini kaka yako naye amekosea, na amekosea vibaya zaidi kwa sababu kosa lake linafunga mlango wa nyumba. Fidia iliyolipwa kihalali hainyang'anywi kwa sababu mpwa wa mlipwaji kabeba bango Kampala. Sijawahi kuona kifungu cha namna hiyo, na kwa karibu miaka 20 nimefanya tathmini za athari kwa jamii kwenye mikuza, yaani njia za ardhi zinazotwaliwa kupitisha nyaya za umeme na mabomba ya gesi. Fomu hizi mara nyingi huwa na sentensi inayosema mlipwaji ameridhika na hana dai lingine. Kwa kawaida sentensi hiyo inahusu vitu vilivyoorodheshwa mle ndani. Haihusu mti ambao haukuhesabiwa, wala ukuta uliopata nyufa wakati mitambo inapita, wala maoni ya mtu kuhusu mradi. Itafuteni nakala yenu, mketi, mwisome mstari kwa mstari. Nimekuta familia nyingi ambazo hiyo karatasi imelala sandukuni miaka mitatu bila kufunguliwa.

Mkiisoma, tazameni tarehe. Hapa ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo waguswa wengi wa mradi, yaani wale ambao ardhi yao imetwaliwa, walipopoteza haki bila kujua. Fidia kwa sheria zetu si bei ya ardhi peke yake. Kuna thamani ya ardhi yenyewe, kuna mazao na majengo, halafu kuna posho ya usumbufu, posho ya usafiri, na kwa aliyevunjiwa nyumba kuna posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36. Aliyekuwa na biashara hapo huongezewa faida aliyoipoteza. Mchungwa uliokomaa haulipwi sawa na mche, kwa hiyo mthamini akiandika "mche" mahali penye mti uzaao, tofauti ni kubwa. Kisha kuna muda. Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 inasema uthamini wa fidia una uhai wa miaka 2 tangu uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Malipo yakichelewa kupita miezi 6 tangu idhini hiyo, riba inaanza kuhesabiwa, na miaka 2 ikipita bila malipo, uthamini unatakiwa kurudiwa. Saa haianzi kuhesabu siku ile walipopita shambani na rangi na kamba. Inaanza siku ya idhini. Nyinyi mlihesabiwa 2018 na mkalipwa 2022. Ulizeni kwa maandishi: uthamini wetu uliidhinishwa tarehe ngapi, na je, riba au nyongeza imo ndani ya kiasi tulichopokea? Inawezekana imo. Inawezekana haimo. Jibu liko kwenye majalada ya halmashauri na ya mradi, na mna haki ya kuliomba.

Kaka yako pengine ameambiwa kwamba wanaharakati ndio waliochelewesha malipo. Hiyo ina chembe ya ukweli tu. Fedha nyingi za fidia zilisubiri wawekezaji waseme rasmi kwamba wanajenga, na tamko hilo lilitolewa Februari 1, 2022. Kabla yake kulikuwa na mzozo wa kodi nchini Uganda uliovunja mauzo ya hisa za kampuni ya Tullow, mmoja wa wabia wa mafuta hayo, Agosti 2019, ikaja korona, kukawa na mikataba ya mradi iliyotiwa saini Entebbe Aprili 2021. Wakati wote huo mkulima alikuwa ameambiwa asipande mazao ya kudumu kwenye mkuza. Wengi walielewa vibaya wakaacha kulima kabisa, hata mahindi na mihogo waliyoruhusiwa. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2023 ilieleza hali kama hiyo kwa familia za Uganda: malipo yaliyochelewa kwa miaka, na yalipofika hayakutosha kununua ardhi ya ukubwa ule ule. Milioni moja ya 2018 hainunui shamba la milioni moja mwaka 2022, na hilo hata kaka yako analijua.

Jambo jingine la kuangalia kwenye fedha ni kipande kilichobaki. Mkuza una upana wa mita 30. Ukipita katikati ya shamba dogo unaweza kuacha pembe ya upande wa pili ambayo haifai kulimwa. Wamiliki wa mradi wameahidi kufuata viwango vya IFC, shirika la fedha lililo katika kundi la Benki ya Dunia, na viwango hivyo vinawataka wamfikirie mtu ambaye mabaki ya shamba lake hayamfai tena kitu. Kama mna kipande cha namna hiyo na hakuna aliyekitaja, andikeni lalamiko. Mradi una maafisa wa mahusiano ya jamii na utaratibu wa kupokea malalamiko. Hakikisheni mnapewa namba ya lalamiko na karatasi yenye tarehe. Lalamiko la mdomo kwa afisa aliyepita na gari halina ushahidi.

Sasa tuje kwenye hofu ya kulipuka, ambayo naielewa vizuri sana. Tangu ile ajali ya lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, iliyoua watu zaidi ya 100, kila Mtanzania akisikia neno mafuta anaona moto. Lakini yale yalikuwa mafuta ya magari, yaliyokwisha kusafishwa, ambayo mvuke wake unawaka kwa cheche moja. Kitakachopita Muheza ni mafuta ghafi ya Ziwa Albert, na haya yana tabia tofauti kabisa. Yamejaa nta. Chukua chupa ya mafuta ya nazi kutoka Tanga mjini uipeleke Lushoto mwezi wa Julai: asubuhi utaikuta imeganda, nyeupe, haimiminiki. Ghafi ya Albert hufanya hivyo hivyo, ila yenyewe inaganda hata kwenye joto la kwetu pwani. Ndiyo maana bomba linapashwa. Chuma chake cha kipenyo cha inchi 24 kimevishwa gamba nene la povu la kuzuia joto, kazi inayofanyika kwenye kiwanda cha Sojo, Nzega, na pembeni kuna nyaya za umeme zinazolinda joto lisishuke chini ya nyuzi 50. Nyuzi 50 ni joto la maji ya kuoga yaliyokolea. Hakuna kinachochemka humo. Bomba lote, kilomita 1,443 kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi Chongoleani, linafukiwa kati ya mita 1 na 2 ardhini.

Basi usiogope mlipuko. Hofu yenye maana ni kuvuja, na hapo sitakudanganya kwa kukutuliza. Mabomba huvuja. Huvuja kwa kutu, kwa kiungo kilichochomelewa vibaya, kwa ardhi kuteleza au kutetemeka, na mara nyingi kwa mtu mwenye mtambo anayechimba bila kuuliza. Katika bomba la namna hii mitambo hupima kinachoingia na kinachotoka, na waya maalumu ulioambatana na bomba husikiliza mabadiliko ya joto na mtikisiko. Uvujaji mkubwa unagunduliwa haraka na vali zinafungwa. Mdogo ndio wenye hila, kwa sababu unaweza kujificha ndani ya makosa ya kawaida ya vipimo. Bomba hili limejengwa kubeba mapipa 216,000 kwa siku. Asilimia 1 tu ya hayo ni mapipa 2,160. Ukielewa hesabu hiyo utaelewa kwa nini wanamazingira wanapiga kelele juu ya bonde la Ziwa Victoria, ambalo karibu theluthi ya bomba inapita ndani yake.

Kwa kisima chako kuna jambo linalosaidia na jambo lisilosaidia. Linalosaidia ni ile nta: mafuta haya yakitoka kwenye bomba na kugusa udongo uliopoa, sehemu kubwa inaganda hapo hapo, haikimbii kama petroli. Lisilosaidia ni kwamba ndani ya ghafi yoyote kuna viambato vyepesi vinavyoyeyuka kwenye maji, na hivyo havigandi. Kwa hiyo swali muhimu si hatua 200 peke yake. Je, kisima kiko upande wa chini wa mteremko kutoka kwenye mkuza au upande wa juu? Ni kifupi cha kuchimbwa kwa mkono au kirefu? Udongo ni mfinyanzi au kichanga? Kisima kifupi kilicho chini ya mteremko kwenye kichanga kinahitaji kuangaliwa; kisima kirefu upande wa juu, lala usingizi.

Tusisahau pia kwamba nchi hii si mgeni wa mabomba. TAZAMA limetoka Kigamboni hadi Ndola tangu mwaka 1968, na wazee wa Morogoro na Iringa wameishi nalo maisha yao yote. Shida yake kubwa kwetu imekuwa wizi wa mafuta. Hilo angalau kwenu halitakuwapo kwa kiasi kile: hakuna mwizi mwenye faida na ghafi inayoganda kwenye dumu.

Kuhusu bei ya mafuta kushuka Tanga, nisikupotezee muda: haitashuka kwa sababu ya bomba hili. Mafuta ni ya Uganda, ni ghafi, na yanaenda melini. Mtambo wetu wa kusafisha wa TIPER uliacha kazi hiyo karne iliyopita. Tanzania inapata ushuru wa kupitisha, gawio la shirika letu la mafuta, TPDC, lenye asilimia 15 ya hisa, ajira za ujenzi na shughuli za bandari. Hayo si madogo, kwa kuwa kilomita 1,147 za bomba ziko upande wetu. Kaka yako asimame kwenye hoja hizo, zina nguvu kuliko hiyo ya bei.

Sasa mwanao na bango lake. Umeuliza kama wanalipwa na Wazungu. Kwenye muungano unaolipinga bomba kuna mashirika ya Uganda, ya Tanzania na ya nchi nyingine za Afrika, na kuna ya Ulaya na Marekani. Na ndiyo, baadhi ya mashirika yetu hupata ruzuku kutoka nje. Lakini bomba lenyewe asilimia 62 ni la TotalEnergies ya Ufaransa na asilimia 8 ni la CNOOC ya China. Ukianza kupima ukweli wa mtu kwa asili ya fedha zake, hakuna atakayebaki salama upande wowote. Msikilize mtoto kwa anachokisema.

Na anachokisema, nadhani, ni hiki. Mafuta haya yakifikia kilele cha uzalishaji na kuchomwa, makadirio wanayoyatumia wapinzani ni tani milioni 34 za hewa ya ukaa kila mwaka. Nyingi itatoka kwenye magari na viwanda vya mbali, ila anga haina mipaka, na wewe mwenye michungwa unajua vuli zilivyoacha kutabirika. Pili, visima vya Tilenga vinachimbwa hadi ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls. Tatu, watu kama nyinyi walikaa miaka minne wakisubiri. Serikali za Kampala na Dodoma zinajibu kwamba nchi tajiri zimejenga hospitali na barabara zake kwa mafuta na makaa, zinaendelea kuchimba hadi leo, na haziwezi kumwambia Mganda aache utajiri wake ardhini bila kumpa mbadala. Jibu hilo nalo ni zito. Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio Septemba 2022 likitaka mradi usubiri mwaka mmoja njia nyingine ichunguzwe, hasira iliyozuka Afrika Mashariki haikuwa ya kuigiza.

Mimi mwenyewe, kwa kuwa umeniuliza nani mkweli, nasimama hapa. Kwa hoja ya tabianchi namwona mwanao ana haki kuliko wengi wanaomcheka, kwa sababu tumeingia kwenye biashara ya mafuta wakati wanunuzi wanaanza kutafuta njia ya kuondoka, na deni la bomba litakuwa bado linalipwa. Lakini sioni bomba likisimama. Ujenzi ulishavuka nusu mwaka 2025. Kesi iliyofunguliwa mwaka 2020 kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki ilitupwa Novemba 2023 kwa sababu ilichelewa kufunguliwa, kabla hata hoja za mazingira hazijasikilizwa. Ile ya Paris dhidi ya TotalEnergies ilianguka Februari mwaka huo kwa sababu za utaratibu, ingawa Waganda 26 walirudi Juni na kesi mpya ya kudai fidia.

Basi kwa nini asimame mbele ya benki? Kwa sababu hapo ndipo mradi ulipokuwa dhaifu. Gharama iliyoanzia dola bilioni 3.5 ilipanda hadi kuzidi bilioni 5, na sehemu kubwa ilikusudiwa iwe mkopo. Benki nyingi kubwa za Magharibi, zikisukumwa na makelele hayo, zilitangaza kwamba hazitakopesha. Ilikuwa Machi 2025 ndipo kundi la kwanza la wakopeshaji lilipotangazwa: Afreximbank, Standard Bank, Stanbic Uganda, KCB Uganda na taasisi iliyo katika kundi la Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Na Januari 2024, baada ya miaka ya lawama, TotalEnergies ilimwomba Lionel Zinsou, waziri mkuu wa zamani wa Benin, aupitie utwaaji wa ardhi ulivyofanyika. Hakuna anayeitisha ukaguzi wa namna hiyo kama hakuna mtu anayepiga kelele. Mwambie kaka yako hilo. Vijana wale hawajamnyang'anya kitu. Yeye anayedai riba yake na wao wanaodai mradi ukome wanatazamwa na macho yale yale.

Nina sababu ya kulisisitiza. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliuliza gesi ikienda Dar es Salaam kwa bomba wao watabaki na nini. Lilikuwa swali la haki kabisa, na kwa miezi waliambiwa wamechochewa. Mei mwaka ule watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa, jeshi likaingia mitaani. Bomba lilijengwa, likazinduliwa 2015. Waliokufa hawakurudi. Kila ninaposikia mtu mzima anamwambia kijana "umetumwa" badala ya kumjibu, nakumbuka Mtwara.

Hofu yako juu ya polisi ina msingi. Oktoba 2022 wanafunzi 9 walikamatwa Kampala wakiandamana kuhusu bomba hili, wakashtakiwa kwa kosa la kero kwa umma na kupelekwa rumande Luzira. Walifuatwa na wengine wengi, na baadhi wamekaa ndani kwa wiki au miezi kabla ya dhamana. Mwanao ana uzito wa ziada: ni mgeni pale. Kibali chake cha mwanafunzi kinaweza kuguswa hata kama mahakama itamwachia. Wenzake wa Uganda wanaweza wasilifikirie hilo, wewe lifikirie.

Hata hivyo sikushauri umkataze. Ana umri wa kuamua, na ukimkataza ataacha kukwambia alipo. Zungumza naye kama mtu mzima mwenzako. Mwambie unataka kujua siku anazokwenda na nani yuko naye, na kwamba awe na namba ya wakili iliyoandikwa kwenye karatasi, maana simu ndiyo inayochukuliwa kwanza. Azijue namba za ubalozi wetu Kampala. Ajue kwamba katiba ya Uganda inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Zikipita, wakili ana hoja. Na mwambie ukweli wa moyo wako, kwamba kuna kazi katika harakati hizi isiyohitaji kusimama mbele ya askari: kusoma ripoti za mazingira za mradi, kutafsiri, kuwaandikia waguswa barua za malalamiko kwa Kiswahili safi. Huku kwetu Muheza watu wa kufanya hivyo wanahesabika.

Mambo mengine hayafai kumalizwa kwa kusoma jibu langu. Kama mwanao atakamatwa, mpigie wakili saa hiyo hiyo, usisubiri "mambo yatulie". Kama mtagundua kwamba tarehe za uthamini zilivuka muda, au miti mingi haikuhesabiwa, mwoneni mwanasheria ana kwa ana mkiwa na fomu, picha na kitambulisho. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wanasheria wa mazingira wa LEAT na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wilayani husaidia bila malipo au kwa kidogo. Mkifika hatua ya kuishtaki Serikali kuna notisi ya siku 90 inayotangulia, kwa hiyo msikae na jambo. Na siku mkiona maji yana utando unaong'aa kama upinde wa mvua, au yana harufu ya mafuta, acheni kuyanywa mara moja, mjulisheni mwenyekiti wa kijiji, wakala wa maji vijijini RUWASA na baraza la mazingira NEMC, kwa maandishi.

Kuna kazi moja ya kufanya mapema, kabla mafuta hayajaanza kupita. Pelekeni maji ya kisima yenu kwenye maabara ya Wizara ya Maji iliyoko Tanga, yapimwe, na muombe waandike kama yana dalili yoyote ya mafuta. Mtapewa karatasi yenye tarehe, na iwekeni pamoja na fomu ya fidia. Bila karatasi hiyo, likitokea la kutokea mtaambiwa maji yenu yalikuwa hivyo tangu zamani. Mwanao akija likizo mpe yeye kazi ya kuipeleka sampuli, na amwombe mjomba wake amwonyeshe mkuza unakopita na amwambie kisima kilichimbwa mwaka gani na kwa kina gani, kwa sababu maabara watauliza, na nadhani kwenu anayejua ni yeye.